Maswali ya Wasomaji: Timu ya Mtani Ikiporomoka, Umchekeje?

Barua za safari hii zimetoka Mikindani mpaka Kilwa Masoko, na karibu zote zinauliza jambo moja. Timu ya mtani imeyumba, kocha wake anapanga kikosi kisichoeleweka, na msomaji anataka kumcheka kwa hoja badala ya kupiga kelele. Ni ombi jema na tunalijibu kwa moyo wote. Barua zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

Shikamooni wakubwa wa safu hii. Mimi ni Yanga. Kijiweni kwetu yupo mzee wa Simba ambaye kila nikitaja zile 5-1 ananirudisha mwaka 1977. Sikuwa hata nimezaliwa. Je, magoli ya zamani yanahesabika?
*Kijana wa kahawa, Mikindani*

Marahaba, kijana wetu. Yanahesabika yote, na mzee ana haki yake. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake. Ukitaka kusimama naye, uwe na orodha nzima kichwani: Juni 1968 Yanga ilishinda 5-0, 1977 Simba 6-0, tarehe 6 Mei 2012 Simba tena, 5-0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga 5-1. Anayejua tarehe za pande zote mbili ndiye anayesikilizwa kijiweni. Anayejua za kwake tu, kahawa haijapoa ameshanyamazishwa.

Sasa, usishindane na mzee kwa idadi, maana sita ni nyingi kuliko tano na hilo halina dawa. Shindana naye kwa jinsi mchezo ulivyokwenda. Ile mechi ya 2023 ilikwenda mapumziko ikiwa 1-1. Kennedy Musonda alitangulia kuifungia Yanga, Kibu Denis akasawazisha. Mabao manne yaliyobaki yaliingia kipindi cha pili, na siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Robertinho. Hapo ndipo penye utani wa kweli: walikwenda vyumbani wakiwa sawa na wenzao, wakarudi wakiwa timu nyingine.

Mzee akikuuliza sababu, mwambie hivi. Timu inayofungwa manne ndani ya nusu saa mara nyingi haijazidiwa vipaji, bali imekatika katikati. Washambuliaji wanabaki juu wakitafuta goli, mabeki wanarudi nyuma kwa kuogopa kasi, na viungo wawili wanaachiwa eneo la watu wanne. Mpira ukinyang'anywa pale kati, mshambuliaji anakimbia mita thelathini bila kuguswa.

Na kabla ya yote hayo, anza na shikamoo. Mtani aliye na umri wa baba yako unamcheka timu yake, yeye mwenyewe humgusi.

Nashabikia Liverpool. Nikimwambia rafiki yangu wa Manchester United kuwa timu yake imekwisha, ananijibu "tuna makombe 20" na mjadala unakufa. Halafu kwenye kibanda umiza watu wanasema tatizo lilikuwa mabeki watatu wa kocha wao, Amorim. Nataka nielewe vizuri kabla sijamrudia.
*Msomaji, Masasi mjini*

Hilo la makombe ni jepesi. Manchester United ilichukua ubingwa wake wa 20 msimu wa 2012/13, mwaka wa mwisho wa Alex Ferguson. Liverpool ilifikisha 20 msimu wa 2024/25. Kwa hiyo mko sawa, na hoja hiyo ifungwe leo.

La mfumo ndilo linalohitaji utulivu, kwa sababu wengi wanalisema vibaya. Amorim aliingia Novemba 2024 akitoka Sporting ya Ureno, ambako alikuwa ameshachukua ubingwa wa ligi kwa mfumo wa 3-4-2-1. Hesabu watu wake: mabeki wa kati watatu, mabeki wa pembeni wawili wanaopanda na kushuka ubavu mzima, viungo wa kati wawili, namba kumi wawili, yaani washambuliaji wanaocheza nyuma ya straika, na straika mmoja. Mfumo huu una sehemu mbili zinazouma kama huna watu sahihi.

Ya kwanza ni pale kati. Wapinzani wengi wa Uingereza hucheza na viungo watatu. Viungo wawili dhidi ya watatu maana yake kila pasi ya pili kuna mtu yuko huru. Dawa ni namba kumi mmoja ashuke kusaidia, au beki wa kati mmoja atoke mstarini akakabe mbele. Akichelewa sekunde mbili, mpinzani ameshageuka na anatazama goli. Wakati huohuo Bruno Fernandes, ambaye ndiye aliyekuwa akitengeneza mabao, alivutwa chini mara nyingi awe mmoja wa wale wawili. Timu ikapoteza mpishi wake ikitafuta mtu wa kulinda mlango.

Ya pili ni pembeni. Kazi ya beki wa pembeni wa mfumo huu ni ngumu kuliko zote uwanjani: mpira ukiwa wenu yeye ni winga, ukiwa wa wapinzani ni beki wa tano. Manchester United haikuwa na watu wa kazi hiyo. Diogo Dalot na Noussair Mazraoui, wote wa mguu wa kulia, walipelekwa kushoto mara kwa mara. Tazama mchezaji wa mguu wa kulia akikimbia ubavu wa kushoto: akifika mwisho wa uwanja lazima asimame, aurudishe mpira ndani, na wakati huo mabeki wa upande wa pili wameshajipanga. Shambulizi limekufa bila kukabwa. Patrick Dorgu, mtu wa mguu wa kushoto, alinunuliwa Februari 2025 kutoka Lecce, msimu ukiwa umeshavuka nusu.

Ongeza na kwamba kikosi kilikuwa kimenunuliwa kwa ajili ya mabeki wanne, na kocha aliingia msimu ukiendelea, bila ile miezi ya maandalizi. Matokeo ya msimu mzima wa 2024/25 ni haya: nafasi ya 15, pointi 42 katika mechi 38, kufungwa mechi 18, mabao 44 ya kufunga na 54 ya kufungwa. Gawanya mwenyewe: pointi 1.1 kwa mechi. Straika wao Rasmus Højlund alifunga mabao manne ya ligi msimu mzima. Tarehe 21 Mei 2025 wakacheza fainali ya Europa League mjini Bilbao, wakafungwa 1-0 na Tottenham, timu iliyomaliza ya 17 kwenye ligi hiyohiyo. Na Agosti 27 mwaka huohuo wakatolewa Kombe la Carabao na Grimsby Town ya daraja la nne, sare ya 2-2 kisha penalti 12-11.

Kuna kosa moja la kukwepa. Usiseme "mabeki watatu haifai England". Rafiki yako akiwa anajua mpira atakumaliza kwa mifano miwili. Chelsea ya Antonio Conte ilichukua ubingwa wa 2016/17 kwa mabeki watatu. Crystal Palace ya Oliver Glasner ilicheza 3-4-2-1 hiyohiyo, tarehe 17 Mei 2025 ikaifunga Manchester City 1-0 na kubeba Kombe la FA. Mfumo ni uleule, watu ndio waliotofautiana. Useme hivi: "Mlivaa shati la mtu mwingine, mikono ikawafika viwikoni."

Na namba mbili zinatosha. Chagua 15 na 42, au 17 na Bilbao. Ukianza kutaja ya tatu na ya nne, kibanda kizima kitadhani unasoma taarifa ya habari.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tumeona barua nyingi zinazojaa matusi kwa wachezaji na mama zao. Mtani anayekucheka kwa jambo lililotokea uwanjani, huna la kumjibu. Unameza mate na kusubiri wikiendi. Anayekutukana amekupa njia ya kutokea: sasa mnazungumza habari ya adabu yake, na zile pointi 42 zimesahaulika.

Ni kosa kuwaita Arsenal "timu ya kona"? Mimi ni Chelsea na naona magoli yao ni yaleyale.
*Dada wa duka la vipodozi, Newala*

Si kosa, dada, lakini ni utani mwepesi na shabiki wa Arsenal akiujua mpira ataupokea kama sifa. Goli la kona ni kazi ya mazoezi. Nicolas Jover, kocha wao wa mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, aliingia mwaka 2021, na tangu hapo kona zao zina mpangilio unaoweza kuusoma kabla mpira haujapigwa.

Tazama hivi. Kona ya kulia anapiga Bukayo Saka kwa mguu wa kushoto, ya kushoto anapiga Declan Rice kwa mguu wa kulia, ili mpira ujikunje kuelekea golini na kutua ndani ya yadi sita. Wapigaji vichwa wanajikusanya nje ya nguzo ya mbali, watu wanne au watano kama wanaosubiri daladala. Mkono wa mpigaji ukishuka, kundi linapasuka: mmoja anakwenda nguzo ya karibu, wawili wanawazuia mabeki njia, na Gabriel Magalhães anaingia kwa kasi kutoka nyuma. Mtu mmoja, mara nyingi Ben White, kazi yake ni kusimama karibu na kipa ili kipa asipate hatua mbili za kurukia. Kumbuka pia kwamba mpira unaotoka moja kwa moja kwenye kona hauna ofsaidi, ndiyo maana wanaweza kujazana pale.

Kinachowakwamisha ni timu inayomtoa mtu mmoja mrefu asimkabe yeyote, asimame tu katikati ya yadi sita, na kipa atoke kwa ngumi badala ya kudaka. Mwamuzi naye akiwa mkali kwa anayemzuia kipa bila kucheza mpira, nusu ya mpango imekufa.

Ukitaka utani unaouma, acha kona, shika nafasi ya pili. Misimu mitatu mfululizo, 2022/23, 2023/24 na 2024/25, Arsenal ilimaliza ya pili. Ila nawe ujiandae, kwa sababu Chelsea msimu wa 2022/23 ilimaliza ya 12 kwa pointi 44, na hilo atalikumbuka.

Neno "kupaki basi" lilianzia wapi? Babu yangu anasema ni la vituo vya mabasi.
*Mwanafunzi, Chuno, Mtwara*

Mpe babu pole. Lilivuma mwaka 2004, José Mourinho akiwa Chelsea, baada ya sare ya 0-0 na Tottenham. Alisema wapinzani wameleta basi na kuliacha mbele ya goli. Baadaye akaja kuitwa yeye mwenyewe mwenye basi kuliko wote. Unapotumia neno hilo, hakikisha timu imekaa kweli na watu tisa au kumi nyuma ya mpira ndani ya theluthi yao. Timu inayorudi nyuma kisha inatoka kwa mashambulizi ya kushtukiza na kupata nafasi tano safi haijapaki basi, imeweka mtego.

Sisi ni Namungo. Kuna jamaa wa Mtwara bado wanajisifia Ndanda. Tuwaambie nini?
*Vijana wa stendi, Ruangwa*

Hapa tunawaomba mwende taratibu, maana ni ndugu wa kusini. Ndanda, Wanakuchele, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kuubeba uwanja wa Nangwanda Sijaona kwa misimu sita. Ilishuka mwisho wa 2019/20, msimu uleule ambao Namungo ilikuwa imepanda. Kwa hiyo ligi kuu iliwaona pamoja msimu mmoja tu: mmoja anaingia mlangoni, mwingine anatoka. Huo ndio utani wenu, na hauhitaji kuongezwa chumvi.

Wakijibu watawaambia habari ya Sumbawanga. Tarehe 2 Agosti 2020 Namungo ilicheza huko fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani na kufungwa 2-1 na Simba. Nanyi mna la kurudisha: kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika iliwafikia Ruangwa, na msimu wa 2020/21 mkaitoa 1º de Agosto ya Angola na kuingia makundi pamoja na Raja, Pyramids na Nkana. Timu ya Ruangwa kutajwa sauti moja na Raja Casablanca, hilo ni jambo la kujivunia kusini nzima, hata kwa jamaa wa Mtwara.

Kuhusu kwa nini timu za huku zinashuka, msiwacheke bila kuangalia ramani. Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na kwenda kucheza Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,500 barabarani. Timu inayofika usiku na kucheza kesho yake jioni inaanza kuchoka dakika ya 60. Utaona mabeki wanaacha kupanda, viungo wanapiga mipira mirefu, na mabao ya kufungwa yanakuja robo saa ya mwisho. Inatakiwa kufika siku mbili au tatu kabla, na siku hizo ni vitanda na chakula cha watu zaidi ya 25. Klabu yenye mfadhili mmoja ikikosa fedha ya mwezi mmoja, safari ndiyo inayokatwa kwanza. Ikipoteza na nyumbani, hesabu imekwisha.

Tunapanga mtani akifungwa tumfanyie "mazishi" mtaani, na jeneza lenye rangi za timu yake. Tulijaribu mara moja, likafumuka njiani. Tufanyeje?
*Kamati ya mashabiki, Lindi mjini*

Lilifumuka, inaelekea, kwa sababu mlitumia maboksi matupu na gundi. Boksi likipata jasho la mikono na umande wa pwani linalegea ndani ya nusu saa. Fanyeni hivi.

Chukueni fito mbili za urefu wa mita 2.5 ziwe za kubebea, na fito fupi nne za sentimita 45 za kukatiza chini. Fungeni kwa kamba ya manila, msitumie misumari. Kwenye msongamano misumari inachana watu. Juu yake wekeni boksi gumu la friji, lililokatwa liwe na urefu wa mita 1.5, upana sentimita 45, kimo sentimita 35. Liwe fupi makusudi, ili kila anayeliona kwa mbali ajue ni mchezo. Kitambaa cha mita mbili na nusu kinatosha kulizungushia, kikiwa na upana wa kawaida wa dukani. Watu wanne wanabeba, wawili wanapokezana. Mfuniko ufungwe, wengine hupenda kumlaza mtu ndani, na uzito huo ndio unaovunja fito.

Mengine ni ya heshima, na kwetu sisi haya ni makubwa kuliko jeneza lenyewe. Asubuhi ya siku hiyo mwulizeni mwenyekiti wa mtaa kama kuna msiba njia mtakayopita. Ukiwapo, ahirisheni, hata kama mtani amefungwa saba. Msitumie kitambaa cheupe kama sanda, msisome dua, msiimbe nyimbo za msibani za dini yoyote. Kina watani wa makabila wanaruhusiwa kuchekesha kwenye matanga kwa sababu wana mila inayowalinda, nyinyi hamna. Mechi za jioni huisha karibu na magharibi, basi subirini swala iishe ndipo ngoma ianze.

Maandamano ya barabarani yanahitaji polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla. Mkishindwa hilo, fanyieni uwanja wa shule au wa mtaa bila kutembea barabarani. Na msichome jezi wala jeneza. Nyumba nyingi za pwani zina mapaa au vibanda vya makuti, na cheche moja upepo wa kusi ukivuma inaweza kula mtaa mzima.

Nyimbo zetu za kumcheka mtani haziimbiki. Kiongozi anaimba, watu wanajikwaa.
*Mpiga ngoma, Tandahimba*

Hesabu mizani. Mistari yenu mliyotutumia ina mizani 8, kisha 13, kisha 6. Hakuna ngoma inayoweza kuibeba. Shikeni nane kwa nane, kiongozi mstari mmoja, waitikiaji mwingine, na kina kimoja mwishoni. Kwa mfano:

Mwaka jana mlisema,
kicheko kimeshahama.
Mabeki wamesimama,
nyavuni umeshazama.

Kila mstari una mizani nane, na kila mmoja unaishia na "ma". Mstari wa waitikiaji uwe wenye vitu vya kuona: nyavu, mabeki, benchi. Maneno kama "mfumo" na "falsafa" yaacheni kwa wachambuzi. Jina la mchezaji liingie tu kama lina silabi mbili au tatu. Na kiongozi asianze juu ya uwezo wake, maana wanaume mia moja hawataweza kumfuata. Aanze chini, apande kidogo mzunguko wa tatu.

Wanangu, nina mgahawa na televisheni. Mechi ya watani ikiisha sahani zinavunjika, wengine wanatoka bila kulipa. Nifunge siku hiyo?
*Mama lishe, Ligula, Mtwara*

Shikamoo mama. Usifunge, siku hiyo ndiyo ya biashara. Badilisha mambo machache. Kwanza, siku ya mechi kubwa pesa ya chakula ilipwe kabla sahani haijatoka jikoni. Pili, sahani na vikombe viwe vya plastiki. Tatu, televisheni iwekwe ukuta ulio mkabala na mlango, ili anayetaka kuondoka kwa hasira asipite mbele ya meza ya watani.

La nne ndilo kubwa. Ugomvi mwingi hausababishwi na maneno bali na dau. Vijana wawili wamewekeana elfu tano mezani, goli la mwisho lina utata, na kila mmoja anaivuta noti. Kataza pesa ya dau juu ya meza yako, na ulisimamie. Halafu dakika tano baada ya filimbi ya mwisho zima televisheni. Marudio ya goli ndiyo yanayowasha moto upya. Aliyekwishanyamaza anaona tena beki wake akipigwa chenga, na jirani yake anacheka mara ya pili. Ukizima, watarudi kwenye supu ya pweza. Na mkono ukigusa kofia au jezi ya mtu, huyo atoke, hata kama ni mteja wa kila siku.

Yanga mnasema mlitoka sare na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, kombe mlikosaje? Mtani wangu anakwepa swali.
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Mtani wako asikwepe, jibu lipo. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga ilifungwa 2-1 kwa Mkapa, na tarehe 3 Juni ikashinda 1-0 Algiers. Jumla 2-2. CAF ilitumia kanuni ya goli la ugenini, na USM Alger ilikuwa na mawili ya ugenini dhidi ya moja. Kwa hiyo utani sahihi ni kwamba kombe lilipotea Dar es Salaam, siyo Algeria. Ila kama wewe ni Simba, kumbuka fainali yenu ya 2025 na RS Berkane: 2-0 kule, 1-1 Zanzibar. Hapo goli la ugenini halikuhitajika.

Ni dakika ya ngapi ni salama kuanza kumtumia mtani ujumbe wa kumcheka?
*Shabiki mwenye bando, Nachingwea*

Siyo mapumziko. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda vyumbani ikiongoza 3-0 dhidi ya Simba. Mechi iliisha 3-3. Tarehe 26 Mei 1999 Bayern Munich iliongoza 1-0 mpaka dakika 90 zikaisha, na Manchester United ikafunga mawili kwenye dakika za majeruhi. Ukiongoza kwa bao moja, subiri filimbi. Ukiongoza kwa mawili, subiri filimbi pia, kwa sababu bao moja la dakika ya 80 linawatia wapinzani nguvu na mabeki wako wanaanza kubutua ovyo. Kwa matatu, andika ujumbe wako lakini uuweke bila kuutuma. Na kama ulishautuma mapumziko, usihangaike kuufuta. Mtani ameshaupiga picha.